Bambo na Gunia la Ndani

Jumanne, 8 Julai
Lori la Kiteto limeshusha asubuhi. Nimechoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka ya katikati, gunia kwa gunia, nikakataa mawili. Juu mahindi makavu, katikati yamelowa na kuota kuvu. Dalali kanuna. Anune. Soko zima la Kibaigwa linajua Zuhura hanunui gunia kwa sura.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe, katoka Kondoa na ubuyu, udongo wa kula na mbeleko mpya. Kasikia huu ni mwezi wa tano sioni siku zangu. Kwake hiyo ni mimba tu. Mkojo nilishapima, hakuna kitu. Nimeshindwa kumwambia. Amefurahi mno.

Alhamisi, 10 Julai
Kliniki, Dodoma mjini. Mama mkwe kang'ang'ania kunisindikiza mpaka ndani ya chumba cha ultrasound. Kipimo chenyewe ni cha kuingizwa ukeni. Niligeukia ukutani kwa aibu.

Daktari, binti mdogo kwangu, akatuonyesha kwenye skrini. Hakuna mtoto. Ovari zimejaa vifuko vidogo vya mayai yasiyokomaa, ndiyo maana hedhi haiji. Na ule ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, unaotakiwa kutoka na damu kila mwezi, umebaki umerundikana. Mnene kupita kiasi. Ukiachwa hivyo miaka, unaweza kugeuka saratani.

Mama mkwe alitangulia mbele yangu hadi stendi. Kisha: "Mwanangu, nimeshawaambia watu wote Kondoa."

Nina hofu.

Ijumaa, 11 Julai
Mume wangu Idrisa anasema tumwachie Mungu. Nimemwachia. Na Jumatano narudi kliniki.

Jumatano, 16 Julai
Daktari kaeleza taratibu, kama mtu anayeficha kisu. Picha inaonyesha unene, haionyeshi kama ndani kumeharibika. Lazima achukue kipande kidogo kwa mrija mwembamba.

Nikamwambia, "Daktari, hilo si bambo? Choma."

Alicheka hadi akashika meza. Iliuma, tena sana. Sikupiga kelele. Nilijivunia nafsi yangu hadi machozi yakanilenga.

Mama mkwe alikuwa benchi la nje. Nilimweleza mwenyewe, bila kuinamisha kichwa: mimba hakuna, ugonjwa upo, na dawa yake ipo. Alivua mtandio wake akanifunika mabega. Upepo wa Dodoma mwezi huu hauna huruma. Jioni akapanda gari la Kondoa. Mbeleko kaiacha.

Jumatano, 30 Julai
Majibu. Si saratani. Ukuta umenenepa tu, vidonge vitaleta hedhi, kisha nitapigwa picha nyingine kuona kama umepungua. Na ukuta huo usikae tena miezi bila kutoka na damu. Mtoto? Inawezekana, kwa dawa, baadaye.

Nimempigia mama mkwe kabla hata ya Idrisa, nikamweleza kwa mfano wa bambo. Hakukata simu vizuri. Nikamsikia anawatangazia majirani: "Mkwe wangu kachomwa bambo, hana kuvu!"

Nimecheka peke yangu barabarani. Najivunia mwanamke yule. Najivunia na mimi.

Jumamosi, 16 Agosti
Hedhi imekuja alfajiri. Nyingi, na tumbo linakata. Nimekaa kitandani natabasamu kama mwali.

Mbeleko ilikuwa kabatini tangu mwezi uliopita. Nimeitoa, nimejifunga kiunoni, nikaenda sokoni. Kanga nzuri ile, haifai kulala kabatini. Nilipofika, lori lilikuwa linashusha.