Walichosahau Tumboni mwa Kipusa

Jumanne. Mvua imenyesha Nakuru tangu mchana, stima imepotea, na simu hii ninayoandikia haina chaji ya kutosha kuniruhusu kuwa mpole.

Nina hasira ya kutafuna mawe.

Kipusa alikuwa mbwa wa Baba. Mimi nilimnunulia tu chakula. Mama alipofariki nilimleta Baba tuishi pamoja huku mjini, na macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Siku hizi anaona vivuli tu. Kipusa, mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya chai ya maziwa, alijifundisha mwenyewe kumtangulia hadi langoni, na bodaboda ikikaribia alisimama kwa upana mbele ya magoti yake ili asivuke. Baba alikuwa akimwongelesha Kibukusu. Alikuwa akimweleza habari za redio.

Shida ilianza na mbwa dume wa mtaa mzima kuvunja ua wetu. Tukaamua Kipusa afungwe uzazi. Nikaulizia, nikaelekezwa kliniki moja Milimani, yenye milango ya vioo na picha za mbwa wa Kizungu ukutani. Daktari aliuliza ni breed gani.

"Ni wa kienyeji," nikamwambia.

"Aah."

Hiyo "aah" ningeisikiliza vizuri siku ile, ningegeuka na mbwa wangu.

Alimpasua, akanirudishia jioni akipepesuka, akasema atakuwa sawa. Na kwa siku chache alikuwa sawa. Halafu akaacha kula. Tumbo likaanza kuvimba na kidonda kikatoa maji yenye harufu. Nikamrudisha Milimani. Daktari alisimama nyuma ya kaunta, simu mkononi, akamtazama Kipusa kwa mbali kama mtu anayeangalia takataka kwa jirani.

"Amelamba kidonda. Hawa wa kienyeji hawatuliangi."

"Daktari, hebu mshike tumbo uone lilivyo gumu."

"Madam, daktari ni wewe ama ni mimi?"

Akanipa vidonge. Hakuzunguka ile kaunta. Hakumgusa.

Vidonge havikufanya kitu. Nilipiga simu mpaka msichana wa mapokezi akanizoea sauti. Mara daktari yuko na mgonjwa, mara ameenda Njoro kuona ng'ombe wa mtu. Kumbe ng'ombe wa mtu anafuatwa hadi kwake, na mbwa wa mzee asiyeona hapokelewi hata simu.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenitajia daktari wa wanyama aliye Molo, mama mmoja anayetibu kila kitu kuanzia kondoo hadi paka. Binamu yangu Wekesa akaleta gari lake la Probox. Baba akakataa kubaki. Tulipanda barabara ya Molo tukiwa tumebanwa na malori ya Salgaa mbele na nyuma, Baba kiti cha nyuma, kichwa cha Kipusa mapajani mwake, na tulipopita Sachangwan Baba akasema, "Anapumua kama mamako alivyopumua."

Yule mama wa Molo hakuuliza breed. Alipiga magoti sakafuni, akaingiza mikono yote miwili chini ya tumbo la Kipusa na kukaa hivyo kwa muda.

"Kuna kitu humu," akasema. "Lazima nifungue sasa hivi."

Alipomaliza aliniita ndani. Kwenye bakuli la chuma kulikuwa na kitambaa cha kufyonzea damu, kile cha upasuaji, kimekunjamana, cheusi na kijani, kinanuka kifo. Ukubwa wa leso ya mfukoni.

"Hiki hakikuota humo," daktari akasema. "Kuna mtu alikiacha. Nimesafisha nilichoweza, lakini sumu imeshaingia kwenye damu. Sitawadanganya."

Hakutudanganya. Kipusa alikufa asubuhi iliyofuata, Baba akiwa amemshika sikio.

Nakiri hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapokiri: Jumapili kanisani, wengine wakiombea wagonjwa, mimi niliomba ile kliniki ikauke kama ule mtini alioulaani Yesu. Sijatubu. Na sioni nikitubu wiki hii.

Leo nimeenda Milimani. Daktari wa Molo alikuwa amenihifadhia kile kitambaa kwenye chupa yenye dawa, akaniambia nisikitupe. Baba alisema anakuja. Nikamwongoza ameshika bega langu, mara mbili akajikwaa kwenye ngazi, kwa sababu mimi si Kipusa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja amepakata paka ndani ya kikapu. Nikamketisha Baba kwenye kiti, nikaweka chupa juu ya kaunta. Daktari akatoka, akaiona, akajua.

"Tuongelee ofisini."

"Tuongelee hapa hapa," Baba akasema.

"Mzee, hakuna vile mtu anaweza kujua hiyo ni yetu."

"Kabla ya huyo aliyekitoa, ni wewe pekee umewahi kumpasua," nikasema. Nikaisukuma ile chupa karibu yake.

Akatazama yule mwanamke wa paka, akatazama mlango. Kisha akaingia ndani na kurudi na papi, mtoto wa mbwa. Papi! Akamweka mapajani mwa Baba bila kuuliza.

"German Shepherd, mzee. Pure. Nakupea bure. Huyu ni bora mara kumi kuliko ule wa kienyeji."

Baba akampapasa yule papi masikio, akamwacha amlambe vidole. Nilidhani atakubali, na nilijua nikiona hivyo nitapasuka. Kisha akamwinua kwa mikono miwili, akamnyoosha mbele kule sauti ya daktari ilikotoka.

"Huyu mtoto hana makosa. Mrudishe kwa mamake. Mimi nimekuja kusikia ukisema pole."

Daktari akampokea papi. Tukangoja.

Neno moja. Silabi mbili. Mtoto wa chekechea hulisema akimkanyaga mwenzake.

"Mzee, hizi vitu hutokea kwa kazi," akasema.

Mwanamke wa paka akasimama, akachukua kikapu chake, akatoka bila kuaga. Sisi tukamfuata.

Baba amelala sasa. Hakufungua redio. Mimi nimeshaongea na daktari wa Molo, na amekubali kueleza alichokitoa, mbele ya yeyote atakayemuuliza. Kesho naomba ruhusa shuleni nishuke Nairobi, kwenye bodi inayowapa hawa watu leseni, na ile chupa iko tayari ndani ya mkoba. Sijui kama watanisikiliza. Labda wataniambia ni mbwa tu.

Waniambie. Nitaketi pale hadi wamwite yule wa Milimani. Kama pole ilimshinda kumwambia mzee asiyeona, akaitafute mbele ya madaktari wenzake.