Stripu ya Ethel na Damu Yangu

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Newala yote ijue, ingawa humu hasomi mtu: mimi Nurdin, fundi simu, sasa ni mwanasayansi! Dada Ethel wa chuo kule Dar kaja kujaribu kihisi chake cha kupimia sukari ya damu. Mashine ya kukisomea iligoma. Nikapiga lehemu, ikaamka. Akanieleza stripu, kile kijikaratasi kinachotonewa damu: chini karboni, juu yake vumbi la dhahabu, halafu kimeng'enya kinachokula sukari ya damu na kutoa umeme kiduchu. Juu kabisa utando, joto lisikiharibu. Vyote vyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu! Nikashauri aongeze matabaka, kitu kinene ndicho kinadumu. Kacheka: "Fundi, sukari itafika chini mgonjwa keshazikwa." Sawa. Lakini nimeshauri.

Jumatano, 15 Oktoba
Aibu! Nilimletea watu kutoka mashamba ya korosho. Kila mmoja sukari juu, juu! Bibi Mwanne kauliza kama sasa anywe chai bila sukari, maana sukari ni yeye mwenyewe. Gasper, mtani wangu Mmakua, ndio kapata pa kusemea: Wamakonde ni mabibo yenye miguu! Ethel kashika kichwa. Kisha kanusa kidole cha bibi. Mabibo! Tangu asubuhi wanakonyoa korosho kwenye matunda yake, maji matamu ya bibo yamegandia vidoleni. Nani aliwaambia wajifute tu kwa khanga? Mimi. Ndoo ya maji huku juu mlimani ni ghali, si ya kuchezea. Wakanawa kwa sabuni, wakapimwa upya — shwari, sawa na mashine ya kawaida. Ethel karuka kama mtoto.

Alhamisi, 16 Oktoba
Akataka damu ya mtu mwenye afya ya kuonyesha watu. Nani tena? Nikanawa mpaka viwiko. Stripu ikasema kumi na saba. Mzima hafiki hata nane! Ya pili, vilevile. Akaja na mashine ya kawaida, nikakataa. Mimi? Niliyebeba magunia Kariakoo, nikalala Beira, nikala vya Lusaka? Stripu mbovu. Akaniamini, masikini. Eti utando unabanduka, atafumua muundo wote aanze upya. Kazi ya miaka! Sauti ilimtoka ndogo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimemsimulia mke wangu, Mama Adija, nikijua atacheka. Hakucheka. Ndoo ya maji ya kunywa naimaliza peke yangu, kasema. Chooni naenda kama nimeajiriwa huko. Suruali nafunga kwa kamba. "Baba Adija, dada wa watu abomoe kazi yake kwa ubishi wako?"
Nikakubali. Mimi!
Nimempigia Ethel: usifumue kitu. Jumatatu twende hospitali.

Jumatatu, 20 Oktoba
Masasi, hospitali ya Mkomaindo. Benchi nje ya maabara. Wametoa damu ya mshipa. Nimemwambia nesi aishike kwa adabu, ni ya mwanasayansi. Majibu nimesema apewe Ethel. Nikiwa mzima, stripu yake takataka. Nikiwa na sukari, stripu haina kosa. Na mimi, mjinga huyu, nimekaa hapa naiombea stripu! Ethel anatafuna kucha tu. Haya, kaitwa dirishani. Anasoma. Meno yote nje — binti kapendeza! Sasa kanitazama. Kafunika mdomo kwa mkono. Anakuja —