Papa Chini ya Maji

Muhindo, mujukuu wangu,

Hapa Kimemi tunapumua, na maharagi ya Musienene ilizaa muzuri.

Unauliza siku gani niliogopa zaidi. Ni ile uliandika toka Mombasa: «Leo nimezama na kamera, nimempiga filamu papa karibu kabisa. Ameniangalia.» Mais papa yako, mutoto wangu, tulimuzika Beni! Nilipiga kelele mpaka bamama ba kanisa bakakuja kuomba.

Mwalimu moja akatueleza: kule pwani, papa haiko baba sawa huku kwetu, ni samaki mukubwa ya meno mingi. Tulicheka sana.

Kisha nikaangalia video ile ulituma. Samaki ilikuzunguka pole pole, haikukuluma, ikaenda ikigeuza kichwa mara moja, sawa vile papa yako alikuwa anageuza akituacha ku mulango.

Donc ikirudi, umusalimie.

Nyanya yako, Mukaka