Joto Alilopewa Gaudensi

Jumapili, Julai, alasiri.

Jua lipo lakini halina kazi. Upepo wa kipupwe unavuka nyanda zote za Ufipa bila kukutana na mti wa maana, unaingia mjini Sumbawanga na kupenya kwenye kila upenyo wa dirisha. Nimevaa sweta mbili na kujifunga kitenge juu yake, niko kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi, na vidole vinaandika kwa kugoma.

Wanaosoma blogu hii ni wachache, na hakuna hata mmoja wa ukoo wangu. Ndiyo maana haya nayaandika hapa.

Nina upweke. Neno hilo nimelitanguliza ili nisilizunguke.

Siyo upweke wa kukosa watu. Ni kweli mume wangu, Baba Gaudensi, yuko njiani na lori la mahindi kwenda Tunduma, lakini hilo nimeshalizoea, na nyumbani hapakosi mgeni. Upweke wangu ni wa kujua jambo ambalo sina wa kumwambia. Nimetembea nalo tangu mwezi uliopita, darasani na sokoni, nafundisha darasa la nne kuzidisha na kugawanya huku akili iko kwingine.

Gaudensi ni mwanangu, wa kwanza na wa pekee. Ana miaka tisa. Hatembei, maneno yake ni machache, na upepo ukipiga bati anacheka mpaka anapaliwa. Alizaliwa amechoka. Ndivyo wakunga wanavyosema mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akatoka amelegea, hana sauti. Walimhangaikia mpaka akavuta pumzi. Zahanati niliyojifungulia haikuwa na pa kulala wazazi, kwa hiyo jioni tulirudi nyumbani, ukiwa ni msimu wa baridi kama huu.

Mama mkwe alitupokea na jiko la mkaa.

Asiyewahi kulala Ufipa mwezi wa Julai asimcheke. Huku kila mtu anajua kwamba baridi inachukua watoto wachanga, na kweli inawachukua. Alifunga dirisha, akaweka jiko karibu na kitanda, akajaza maji ya moto kwenye chupa na kuzipanga ubavuni mwa mtoto. Mablanketi mazito ya mitumba yalikuwa yameanza kujaa sokoni miaka ile, na yeye alileta yote aliyokuwa nayo. Gaudensi akawa mwekundu, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Tukafurahi. Tukasema damu sasa inatembea. Siku zile za kwanza mama mkwe hakulala kitandani, alikaa kwenye kigoda akichochea.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikatafuta habari za watoto waliozaliwa wamechoka. Sijui nilikuwa natafuta nini. Pengine nilitaka tu kusoma kuhusu mtoto mwingine kama wangu. Nikakuta kwamba kwenye hospitali za wenzetu huko mbali, mtoto wa namna hiyo wanampoza. Katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa wanamlaza kwenye godoro linalopitisha maji baridi, wanamshusha joto kidogo chini ya kawaida, wanamweka hivyo siku tatu wakimlinda kwa mashine, kisha wanampasha taratibu sana. Wanasema ubongo uliokosa hewa hauumii mara moja ukaisha. Unaendelea kuumia hata baada ya mtoto kupumua, na ubaridi unapunguza kasi ya kuumia huko. Hauponyi kila kitu. Unapunguza tu.

Wameonya pia kwamba siyo jambo la kufanyia nyumbani, na kwamba mtoto aliyezaliwa mzima anahitaji kupashwa joto kama kawaida. Hilo nalielewa.

Halafu chini kidogo wakasema kwamba joto likizidi, ubongo ule ule unaumia zaidi.

Nilikamata kamusi ya Kiingereza nikatafuta neno moja moja, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Hakuna aliyeandika habari za Gaudensi pale. Hakuna daktari atakayeniambia kiasi gani cha ulemavu wake kililetwa na ukosefu wa hewa na kiasi gani kiliongezwa na jiko. Pengine jiko halikuongeza kitu. Pengine bila moto ule baridi ingemchukua wiki ile ile. Najiambia hivyo kila asubuhi ninapomvalisha soksi.

Mama mkwe anampenda mtoto huyu kuliko anavyotupenda sisi sote tukijumlishwa. Anambeba mgongoni ingawa miguu inakaribia kuburuza. Kila mgeni akija anasimuliwa jinsi bibi alivyomtoa mjukuu wake kwenye mdomo wa kifo, kwa moto na kwa mikono hii. Mimi nakaa pembeni nikimenya viazi. Zamani nilikuwa naitikia. Sasa nanyamaza, na nadhani ameshaanza kuliona hilo.

Ningeweza kunyamaza hivyo maisha yangu yote. Kilichoniharibia ni wifi yangu Restituta.

Restituta ameolewa Msanzi, na alikuja mjini kujifungulia hospitali. Alijifungua Alhamisi mtoto wa kiume. Mtoto alichelewa kidogo kulia, halafu akalia vizuri, akanyonya, wakaruhusiwa. Restituta akaja kulelewa kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Leo baada ya misa nimekwenda kumpongeza.

Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Dirisha limefungwa, chini ya mlango wamesokomeza gunia, jiko limewaka kando ya kitanda. Mtoto ana kofia mbili na mablanketi hayahesabiki. Restituta mwenyewe alikuwa anatokwa jasho, akaniambia kwa unyonge kwamba tangu asubuhi mtoto amekataa ziwa, analala tu. Nikatia mkono shingoni mwa mtoto. Alikuwa anawaka.

Sikuomba ruhusa. Nilitoa jiko nje, nikafungua dirisha nusu, nikaanza kufunua blanketi moja moja. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mama Gaudensi, unataka mtoto afe kwa baridi?"

"Hapana, mama. Joto limemzidi. Hebu mshike hapa shingoni."

Hakumshika. "Mwenzake nilimpasha hivi hivi. Yupo au hayupo?"

Restituta aliniangalia, akamwangalia mama yake, akaniangalia tena. Neno lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nilimwona yule mama jinsi alivyosimama, kilemba cha misa bado kichwani, na nikashindwa. Nikasema kwamba siku hizi manesi wanakataza jiko chumbani kwa sababu linaharibu hewa, na kwamba mtoto alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi moja juu. Yote hayo ni kweli. Nikamwambia Restituta kwamba akiendelea kukataa ziwa tunamrudisha hospitali leo leo, mimi mwenyewe nitambeba.

Tulikaa watatu tukimsubiri mtu mdogo kiasi kile. Joto lilishuka taratibu. Alijinyoosha, akanuna, akatafuta ziwa, akalipata. Nilisikia anavyomeza, na nikalia waziwazi mbele ya mama mkwe. Sijawahi kufanya hivyo.

Mama mkwe alitoka. Baadaye nilimfuata uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya lile jiko nililolitoa, sufuria ya maji ya ugali iko juu yake. Nilichuchumaa karibu naye. Hakugeuka.

"Kwa hiyo Gaudensi nilimzidishia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Gaudensi alikosa hewa, mama. Alizaliwa amechoka."

"Sijauliza alizaliwaje."

Sikuwa na pa kukimbilia. Kama ningesema hapana angejua ni uongo, maana mama yule ananisoma kuliko mwanawe anavyonisoma. Kama ningesema ndiyo ningekuwa nimesema kitu ambacho hata madaktari hawajakisema. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kwamba hakuna anayejua, na kwamba siku ile kila mtu Sumbawanga nzima angefanya kama yeye, na mimi nilikuwa kitandani nikimshukuru.

Alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayesikia bei asiyoiweza. Kisha akaitua ile sufuria, akamwaga maji yake yote juu ya mkaa. Moshi ukatujia usoni. Watu wote wa nyumba ile walikuwa hawajala.

"Nenda kwa mtoto wako," akasema.

Sikwenda moja kwa moja. Gaudensi nimemwacha kwa jirani, naye ananisubiri, lakini nilihitaji kwanza kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita mama. Nilidhani siku mtu mwingine akilijua jambo hili nitapumua. Sasa mama mkwe analijua, na tumekuwa wawili, kila mmoja kwake, hatuwezi hata kutazamana.

Jumatatu asubuhi huwa anakuja yeye kumuogesha Gaudensi ili mimi niwahi shule. Anamkausha mbele ya moto, anampaka mafuta, anamviringisha kwenye shuka mpaka inabaki pua. Kesho sijui kama atakuja. Asipokuja nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nitambeba mtoto mpaka kwake, nitamweka mapajani mwake na kunyamaza.

Akinikasirikia nitavumilia. Ninachoogopa ni kwamba atamshika mjukuu wake kwenye baridi hii, na mikono yake itasita kumfunika.