Mjomba Amesimama Lusaka

Jumatatu, 4 Julai 1994

Hukumu yangu inaishia Tunduma, mpakani! Wakili Ulimboka kanieleza leo, taratibu, kama anayepasha habari za msiba. Mahakama ya Dodoma ilinipa mwanangu Ruthu, na muhuri ikagonga. Lakini baba yake, Silvano, kashamhamishia Lusaka — alisema likizo tu, mwongo yule — na huko karatasi ya Dodoma haimtishi mtu. Kesi itasikilizwa upya, kwa sheria zao. Nenda mwenyewe Hilda, akasisitiza.

Nikamcheka. Kwetu Wagogo mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Atakwenda kaka Yoramu. Nimeandika barua kwamba atakalosema yeye nimelisema mimi. Wakili akakuna kichwa.

Jumamosi, 9 Julai

Yoramu kaondoka. Nimempa sweta la Ruthu na karanga za kukaanga. Moyo mweupe kabisa.

Jumanne, 19 Julai

Kimya.

Ijumaa, 22 Julai

Amerudi. Peke yake. Nami nachungulia nyuma yake mlangoni, mpumbavu mimi!

Jaji aliuliza kwa mila zetu nani anamsemea mtoto. Yoramu akasema ni yeye, akaonyesha barua yangu. Kisha akasema Ruthu abaki kwa baba yake, shule za kule nzuri. Ananisimulia huku anamega ugali wangu, bila haya! Silvano kampa lori lake aendeshe, Dar hadi Lusaka. Anaanza mwezi ujao.

Ndugu yangu wa titi moja. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ruthu je, nikauliza. Akarudisha tonge sahanini, akaeleza. Kumbe mtoto alipomwona kortini alimkimbilia, akang'ang'ania shati lake. Alijua amefuatwa. Ilibidi wambandue.

Namchukia Yoramu. Naandika hivi nisije nikajidanganya kesho.

Jumatano, 27 Julai

Ulimboka asema rufaa ipo, ila safari hii nisimame mwenyewe, niseme kaka hakuwa na haki ya kutoa mtoto wangu. Hati ya kusafiria nimepata jana.

Mama kasikia, kaja mbio kutoka Buigiri. Shikamoo yangu hakuitikia. Utamkana kaka yako mbele ya wageni? Utuvue nguo wote? Mtoto hukua popote, akasema. Popote! Bibi yake huyo!

Nimeomba, nimelia. Naandika nimesimama. Basi la Iringa, njia ya Lusaka, linapakia stendi, na mama kakalia begi langu, hanyanyuki. Hati ninayo kifuani. Haya, na alikalie tu —