Aliyeandika kwa Jina Lako

Kaka Bakari,

Nimetoka kuswali alasiri, nimekuombea, sasa nimekaa mbele ya kompyuta yako ya mtumba. Usinicheke. Leo asubuhi nilikuwa na hasira, kwa sababu jina lako lilikuwa limeandika kwenye daftari la ukoo, miezi miwili baada ya sisi kukuzika.

Ngoja nikueleze taratibu.

Unakumbuka siku uliyonifundisha hiyo git, programu ya kutunza daftari letu na kukumbuka kila badiliko na aliyelifanya? Kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna hata picha. Mimi wa darasa la saba nikasema hii kazi ya majini. Ukaniambia, "Mama Zuhura, jitambulishe kwanza, kama mgeni anayepiga hodi." Nikaandika git config, nikaweka jina langu, mashine ikapokea bila swali. Nikashtuka. Je, mtu mwingine akijiita mimi? Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mashine haijui sura. Wewe usiishie kwenye jina, soma alichobadilisha."

Mengine yalinijia polepole. Nikiongeza mtoto aliyezaliwa, git add, halafu git commit na neno la kueleza nilichofanya. Mimi kila neno nilianza na "Shikamoo kaka". Ukilifungua daftari baada yangu unajibu kwenye neno lako, "Marahaba." Ukisoma git log sasa, ile orodha ya maneno yote, ni salamu tupu, zangu na zako, mpaka mahali zako zinapokoma.

Nilipenda ulivyosema hakuna nakala ya bosi. Ya Masasi ni daftari zima, na ya Newala ni zima, pamoja na yote yaliyowahi kufutwa. Nyumba moja ikiungua, ukoo haujaungua.

Basi, siku ya arobaini wazee walimrithisha jina lako Rashidi wa Newala, mtoto wa marehemu dada yetu, anayetunza ile nakala ya huko. Wakamvika kofia yako. Nikaambiwa, "Mama Zuhura, kaka yako huyu, mwamkie." Kaka, Rashidi nimembeba mgongoni! Amenikojolea! Leo nimpe shikamoo? Nikajifanya nina kikohozi. Mtani mmoja wa Kimakua akapaza sauti, "Mwamkie, la sivyo jina tutamrithisha mbuzi wangu!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na sikumwamkia.

Tangu hapo nimemshuku. Tangu biashara ya korosho ifunguliwe, kila mnunuzi ana gari lake na maneno yake matamu, na Rashidi anajuana nao wote. Shamba la mikorosho la Mkunya ni la ukoo wote wa upande wa mama, si la mtu mmoja, na daftari letu ndimo lilimoandikwa hivyo. Nikajiambia, mtu aliyekwisha kupewa jina na kofia, shamba atalikosaje?

Juzi akanitumia flashi kwa mama mmoja anayekuja Masasi, imefungwa kwenye pindo la kanga. Sikuichanganya na nakala yangu. Nilifanya ulivyonionya: git fetch kwanza, nipokee pembeni, niangalie. Nikafungua log ya Newala. Juu kabisa: Bakari. Tarehe ya wiki iliyopita.

Astaghfirullah, nilimtukana Rashidi kwa sauti, peke yangu. Nikasema kumbe anataka tuamini ni wewe uliyemwachia Mkunya. Nikaandika git show, inionyeshe alichobadilisha, ili nimkamate.

Kaka, shamba hakuligusa. Alibadilisha mstari mmoja tu. Ule mwekundu, wenye alama ya kutoa, ulisema: "Bakari, yupo Masasi." Wa kijani, wenye alama ya kujumlisha: "Bakari, amefariki Masasi. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Miezi miwili mimi ndiye mwenye daftari hapa. Nimeongeza mjukuu, nimesahihisha jina la bibi. Mstari wako nilikuwa naupita kama vile sijui kusoma.

Na neno lake hili: "Shikamoo mama mdogo. Nimeandika mimi, najua mkono wako hautaweza. Jina nimeweka hili kwa kuwa ndilo nililopewa."

Hakuomba nimwamkie. Nililia, Kaka, mpaka kanga ikalowa.

Nimekubali mstari wake. Git merge, nikabonyeza, ukawa umefariki na hapa Masasi pia. Halafu chini yake nikaongeza wangu, asije mtu mwingine akashtuka kama mimi: "Jina lake amerithi Rashidi wa Newala." Kwenye neno la kueleza nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaandika: "Shikamoo, kaka Bakari. Nimepokea."

Flashi nimeifunga kwenye kanga, kesho inapanda Newala.

Pumzika, Kaka, Mola akupe kaburi lenye nuru. Naahidi, nikikutana naye ana kwa ana nitamwamkia kwa mdomo wangu, mbele ya mtani na mbuzi wake. Lakini kusoma alichobadilisha, hilo sitaacha. Ulinifundisha mwenyewe.

Mdogo wako,
Mama Zuhura