Nitamzungusha Waziri Mkuu Nyuma ya Jengo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pumzika huko uliko, lakini sikio nipe, maana Alhamisi Waziri Mkuu anakuja kijijini kwetu na mimi nimeshagombana na mtendaji wa kijiji.

Unakumbuka tukipura alizeti, redio umeitundika kwenye nguzo ya banda, mara unainua fimbo juu? "Kimya! Waziri Mkuu anaulizwa maswali bungeni." Nikashangaa, mtu mkubwa vile anaulizwaje? Ukacheka mpaka ukakohoa. "Ndiyo kazi yake, mwanangu. Rais anamteua, wabunge wanamthibitisha, halafu anasimamia shughuli za serikali siku hadi siku. Kazi ikilala, yeye ndiye wa kuulizwa. Asiyetaka maswali akalime vitunguu." Mama akakukumbusha kwamba hotuba haipuri alizeti.

Basi kazi imelala, Baba. Boma la wodi ya wazazi tulilojenga kwa nguvu zetu, wewe ukisomba mawe kwa mkokoteni, lilibaki kuta tupu. Mjukuu wako Neema alishushwa kwenye bodaboda akajifungulia njiani kuelekea kituo cha afya cha Iguguno, na mtoto hakulia. Sasa ana mimba nyingine, mwezi wa nane. Moyo wangu hautulii.

Viongozi wa kijiji waliposikia ugeni, ghafla wakaezeka mabati upande unaotazama barabara tu, na ukuta wa mbele wakaupaka chokaa. Zunguka nyuma, mbuzi wanalala humo! Kina mama tumepangwa kuimba, mimi ndiye kiongozi wa wimbo. Mabango marufuku. Mtendaji akanifuata hadi nyumbani.

"Mama Neema, tusiaibishane mbele ya mgeni."

"Mgeni gani? Huyo ndiye msimamizi wa kazi zenu. Anakuja kuzikagua, nyie mnazificha. Mficha uchi hazai."

Akaondoka bila kuaga. Sasa wanasema nina kiherehere. Na iwe hivyo.

Naogopa, Baba, sikufichi. Hata hivyo nitaimba ubeti wa kwanza kama walivyonipanga, kisha nitakatisha wimbo na kusema, "Mheshimiwa Waziri Mkuu, shikamoo. Tunaomba uzunguke nyuma ya jengo." Wakininyang'anya kipaza sauti, Neema amesema ataongea yeye.

Lala, Baba. Ukisikia kelele Alhamisi, usishtuke. Ni sisi.

Binti yako mkaidi,
Mama Neema